Bakuli la Peke Yangu

Kabla ya kuhamishwa, hakuna aliyejua tumekula nini, wala nani amekula na nani. Nyumba ya babu ilikuwa peke yake katikati ya mashamba, na ukitaka kumwita jirani ilibidi upande kichuguu ndipo sauti ifike. Katikati ya miaka ya sabini ikaja amri ya vijiji. Tukapangwa mistari miwili kando ya barabara ya vumbi huko Mpimbwe, nyumba kwa nyumba, zikitazamana kama wanafunzi waliopangwa asubuhi kukaguliwa kucha. Miti ilikuwa imekatwa na nyua hazijajengwa. Jioni kila familia ilitandika mkeka nje na kula, na kijiji kizima kiliona.

Naanza na hilo kwa sababu tungebaki kule mashambani, ugonjwa wangu ungebaki kuwa wa tumbo tu.

Nilikuwa darasa la tatu. Sikumbuki siku ulipoanza. Nakumbuka tu kwamba kula kulianza kuwa kazi. Nilikaa kwenye sinia la wanawake na njaa kali, nikamega tonge la kwanza, la pili, la tatu, na hapo mlango ukafungwa. Tumbo lilijaa kama la mtu aliyemaliza karamu. Baadaye, nikiwa nimelala, moto ulipanda kutoka kwenye chembe cha moyo mpaka kooni, na mdomo ukajaa maji machungu yenye ukali wa embe bichi. Niliyameza, yakarudi. Usiku nilikohoa mpaka nikakaa kitako, na nikikaa kitako kikohozi kilipungua, nikajilaza tena, kikarudi. Mama aliyekuwa akilala chumba cha pili alikohoa mara moja tu, kunijulisha kwamba yuko macho.

Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa huo. Bibi, mama yake baba, alisema ni chango, akanichemshia mizizi. Shangazi yangu, aliyekuwa ametoka kwa mume na kurudi nyumbani pamoja na watoto wake wawili, alisema ni kimio kimerefuka, aitwe mtu wa kukikata. Mama alikataa hilo kwa kutikisa kichwa tu, maana yeye alikuwa ameolewa hapo kutoka mbali, Ikola, ziwani, na hakuwa na mdomo mkubwa katika nyumba ile. Alichofanya ni kuninunulia dukani vidonge vyeupe vya maumivu. Nilivitafuna asubuhi kabla ya uji, na kufikia mchana nilikuwa nimejikunja kwenye dawati. Hatukujua kwamba tunauchochea moto kwa kuni. Kitu pekee kilichonituliza kilikuwa magadi ya bibi, yale yale ya kulainishia maharage. Alikoroga kipande kidogo kwenye kikombe cha maji, nikanywa, nikacheua, nikapata usingizi wa muda mfupi.

Mwisho mama alinipeleka zahanati. Mganga alikuwa mtu mnene mpole, koti jeupe juu ya kaptura. Alinibonyeza tumbo, akaniuliza nakula kiasi gani. Mama akajibu badala yangu kwamba hajui.

"Hujui vipi? Si mtoto wako?"

"Tunakula sinia moja, daktari. Mikono ni mingi."

"Basi mpe bakuli lake. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Hapo utaona ameacha nini."

Ushauri ulikuwa mzuri. Mpaka leo sioni kosa ndani yake. Mama alilitoa bakuli sandukuni, la bati lililopakwa rangi ya bluu, limebanduka kidogo ukingoni, alilokuja nalo kwa ndoa yake. Jioni ile akanipakulia humo ugali na mchuzi wa kambale usio na pilipili, akaniweka kwenye kigoda karibu na mlango, hatua chache kutoka kwenye mkeka, ili nisisukumwe na wenzangu nikaharakisha.

Shangazi alikuwa wa kwanza kuona. "Ehe! Bwana shauri amefika!" akasema, kana kwamba mimi ni mkoloni wa wilaya. "Bwana shauri, na uma je, tukuletee? Na kitambaa cha kufutia ndevu?"

Wote wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Kwa siku mbili tatu nilijiona mkubwa kabisa, na binti wa shangazi, tuliyelingana umri, alilia akitaka na yeye apewe bakuli.

Lakini mstari ule wa nyumba ulikuwa na macho. Na kwetu watu walikuwa wamemwona mtu mmoja tu aliyetengewa bakuli: mzee wa nyumba ya chini, aliyekula nyuma ya nyumba, kikombe chake kimetundikwa peke yake kwenye mti, mpaka kifua kikuu kilipomchukua. Sasa wakaona mtoto mwembamba, anakohoa usiku kucha, ana bakuli lake. Walijumlisha. Nadhani hata mimi ningejumlisha hivyo.

Hakuna aliyenitamkia neno. Niligundua polepole, kama mtu anavyogundua kwamba mvua imekatika. Jirani wa ng'ambo ya barabara aliacha kunituma dukani. Kisimani walinipisha nichote kwanza, kwa heshima nisiyoielewa, kisha wakasuuza kata. Siku moja nilikuwa nimembeba mgongoni mtoto mchanga wa shangazi, kama nilivyombeba kila siku, na shangazi akaja kutoka nyuma, akafungua kitenge, akamtoa. Hakuwa na hasira. "Utachoka," aliniambia, huku akitazama pembeni. Mgongo wangu ulibaki na joto la yule mtoto na jasho lake, ukapoa.

Binti yake alikuja kucheza mdako kama kawaida, na vijiwe vyake mkononi, akasimama mbali.

"Mama amesema tucheze, ila wewe ukae upande ule."

"Sasa vijiwe tutavidakaje?"

Alifikiri. "Tutarushiana."

Tukarushiana. Alirusha kijiwe, nikakidaka au kikanipita, nikakitafuta kwenye majani, nikamrudishia. Tulicheza hivyo mpaka jua likapungua, na sikuwahi kucheza mdako mrefu kama ule. Hakuja tena.

Bibi peke yake hakubadilika. Aliniita mke mwenzangu, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, na kila asubuhi alinigombeza kwamba nimemlalisha mume wake njaa. Lakini bibi alikuwa na matatizo yake ya magoti na jioni alilala mapema. Kwenye mkeka kulibaki mama, na mama alikaa kule kwenye sinia, na wenzake, kama ilivyompasa mke wa nyumba ile. Aliniangalia kila mara. Mimi nilimwangalia nikiwa kwenye kigoda. Bakuli langu lilikuwa na nyama nzuri kuliko ya sinia, maana alinichagulia, na ningeitoa yote ili nigombanie mfupa na wale wengine. Hicho ndicho nilichokitaka mwaka ule, na sikutaka kitu kingine: kurudisha mkono wangu kwenye sinia.

Mganga wa zahanati, alipoona kikohozi hakipungui, alitwambia twende Tabora, kwenye hospitali yenye mashine ya picha. Baba, aliyekula upande wa pili wa nyumba na wanaume wenzake na ambaye sijui kama alikuwa ameliona bakuli, alikubali bila maneno mengi. Mimi na mama tulipanda lori la mpunga. Sitalike lilisimama darajani dereva aoshe uso, na viboko walikuwa wamejaa kwenye maji machache, wamebanana, mmoja kichwa juu ya mgongo wa mwenzake. Niliwatazama sana. Mbung'o walituuma mpaka Mpanda, na kutoka Mpanda tukapanda treni. Nililala nimekaa, nimeegemea dirisha, na sikukohoa, lakini hakuna aliyeelewa maana ya hilo, hata mimi.

Hospitalini waliniambia nisile wala kunywa kitu tangu asubuhi. Chumba kilikuwa na giza. Wakanivua gauni, wakanisimamisha kwenye bamba la baridi, wakanipa kikombe cha kitu kizito cheupe, kama chokaa iliyokorogwa ya kupaka ukuta, nikaambiwa nimeze nikiambiwa, nisimame nikiambiwa. Kisha wakanilaza, wakatazama tena. Daktari alikuwa kijana aliyezungumza na mama taratibu, akimwita mama mkubwa ingawa walilingana.

"Mapafu ya huyu ni masafi, mama mkubwa. Hana kifua kikuu."

Mama akaanza kunivalisha gauni.

"Tatizo liko hapa." Aliweka kidole kwenye chembe cha moyo wangu. "Pana mlango kati ya koo na tumbo. Wa kwake umelegea. Akilala, uchachu wa tumbo unarudi juu, unachoma, unamkohoza. Na tumbo lenyewe limechubuka. Mmempa dawa gani?"

Mama alimwambia vidonge vyeupe. Daktari alifumba macho kidogo, akayafumbua. "Hivyo acheni," alisema tu. Akatupa vingine, vya kutafuna, vyenye ladha ya udongo. Akasema nile kidogo kidogo, nisilale mara baada ya kula, na kitanda kiinuliwe upande wa kichwani kwa matofali.

Tulipotoka nje mama alitembea haraka mbele yangu, mpaka karibu na stesheni ambapo wanawake waliuza chakula chini ya turubai. Akaagiza wali na maharage.

"Sahani ngapi?" mwanamke aliuliza.

"Moja," mama akasema.

Tukanawa kwenye bakuli moja la maji. Alimega upande wake, mimi wangu, na katikati vidole vyetu vikagusana. Pale hakuna aliyetujua. Watu walipita na mizigo na hawakututazama. Nilikula matonge matano na nikashiba, na mama akamaliza yaliyobaki, hata pale nilipokuwa nimepachezea, akafuta sahani kwa kidole. Niliamini mambo yamekwisha.

Nyumbani, jioni ya kwanza, aliingia ndani akatoka na bakuli la bluu.

"Mama, daktari amesema..."

"Najua alichosema. Nilikuwepo." Aliniwekea mapajani. "Ngoja watu wazoee kwanza."

Alikuwa amejaribu kuwaambia mchana. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho huku akimnyonyesha mtoto, kisha akauliza, "Hizo picha wewe umeziona? Uliziona mwenyewe, wifi? Mapafu yaliandikwa 'safi'?" Siwezi kumlaumu shangazi. Alikuwa na kichanga, na mzee wa nyumba ya chini naye alisemekana mwanzoni kwamba ana kikohozi tu.

Matofali baba aliyaweka mwenyewe, mawili kila mguu wa kichwani. Watu wa mstarini wakaja kukitazama kitanda. Mmoja alisema mtoto atateleza usiku na kuamkia Ziwa Rukwa. Lakini kikohozi kilianza kupungua, wiki baada ya wiki, mpaka nikalala usiku mzima na mama akaamka mara mbili kuja kunisikiliza kama napumua.

Hata leo, na umri wa miaka arobaini na kitu, siwezi kulala kichwa kikiwa sawa na miguu. Niliondoka nyumbani baada ya kidato cha nne na sijakaa mahali nikamaliza miaka mitatu. Nimenunua dagaa Ikola kwa watu wa mama, nimeuza vitenge Mishamo nikisukuma baiskeli, nimepika kwenye kambi za watu wa barabara, nimeishi Sumbawanga, Kigoma, Mpanda, nikarudi Mpanda, nikaondoka. Kila nyumba ya wageni ninayofikia, kitu cha kwanza ni kusukuma begi langu chini ya mto. Cha pili ni kwenda kutafuta chakula, na wanaponiuliza "Uko peke yako?" najibu ndiyo, na wananiletea sahani moja. Moto wa chembe cha moyo bado hunitembelea. Siuchukii. Ndiyo mwenyeji wangu wa zamani kuliko wote.

Lakini kule kijijini bakuli lilibaki. Kikohozi kilikwisha, nikaanza hata kuota mashavu, na bado kila jioni nilikuwa kwenye kigoda karibu na mlango. Hakuna aliyenikataza kurudi kwenye mkeka. Hakuna aliyeniita. Mama alingoja shangazi aseme, shangazi alingoja bibi aseme, na bibi, nadhani, alifikiri mwenye kauli ni mama yangu. Kulileta bakuli kulikuwa na mtu wake, aliyevaa koti jeupe. Kuliondoa hakukuwa na mtu.

Ndipo mpunga ukaiva.

Katika nyumba ya babu, wali wa kwanza wa mpunga mpya ulikuwa na sheria, na sheria zote alizishika bibi. Mpunga ulitwangwa siku ile ile. Ulipikwa bila mafuta. Wanaume walipelekewa sinia lao na wanawake lao, na ukishapakuliwa haukuachwa wala kutupwa, hata punje. Punje iliyoanguka iliokotwa ikaliwa na mchanga wake. Ukiudharau wali ule, bibi alisema, umewaita ndege mwenyewe, na mwaka ujao usilie wakikaa shambani.

Jioni ile mkeka ulitandikwa, sinia likaletwa, wali umerundikwa juu yake unatoa moshi na ile harufu ya mpunga mpya ambayo sijaikuta mahali pengine. Mama alinipakulia kwanza, kwenye bakuli. Bibi, aliyekuwa amekaa kwa shida na miguu yake imenyooshwa mbele, aliliona bakuli likipita. Alilifuata kwa macho mpaka mlangoni.

Nikaenda kwenye kigoda changu. Kutoka pale niliona mikono ikinawishwa, mmoja mmoja. Niliona mkono wa binti wa shangazi ukinyemelea kabla ya wakati, ukapigwa kofi. Niliona wanacheka. Wali wangu ulikuwa mapajani, unachoma kidogo kupitia bati, na nilikuwa bado sijaugusa.

Sikupanga. Niliinuka, nikatembea zile hatua chache, nikasimama juu ya mkeka na miguu yangu yenye vumbi, nikaligeuza bakuli juu ya sinia. Wali wangu uliangukia katikati ya wali wao, ukaporomoka pande zote, ukachanganyika. Bakuli likabaki mikononi, tupu.

"We mtoto!" shangazi alipiga kelele. Alikuwa amempakata mwanawe na mkono mmoja umenyooka kuelekea kwenye sinia, ukasimama hapo hapo hewani.

Mama aliweka kiganja mdomoni. Ng'ambo ya barabara jirani na wanawe waliacha kula, wakatutazama wazi wazi.

Wali ni wali. Hakuna mtu angeweza kusema punje hii ni ya bakuli na hii ni ya sinia. Na haukutupwa, na haukuachwa.

"Sasa tutafanyaje?" shangazi alimgeukia bibi. "Mama, tutafanyaje?"

"Waniuliza mimi? Uulize mpunga." Bibi alikuwa anatazama sinia, mabega yake yanatikisika, na nilidhani analia mpaka nilipoona meno yake mawili. "Mke mwenzangu ameleta chakula chake kikoa, tule pamoja. Mimi na yeye tuna mume mmoja, sembuse sinia? Kaa chini, unaniziba upepo."

Akamega. Tonge kubwa, kutoka pale pale katikati, akalitia mdomoni na kulitafuna akimtazama shangazi.

Nikakaa. Mama alisogea akakaa upande wangu, bega kwa bega, akaninawisha mikono, maji yakimwagikia mkekani. Hakulitazama bakuli. Alilichukua kutoka mapajani mwangu na kuliweka nyuma yake.

Shangazi alifanya kitu ambacho nikikikumbuka njiani nacheka peke yangu. Kwa ncha ya kidole alichimba mfereji kwenye wali, kutoka ukingo hadi ukingo, akatenga upande wake na wa wanawe, akaanza kula huko ng'ambo kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayelima kando ya shamba la jirani mkorofi. Ulidumu kidogo. Upande wetu ulikuwa na matandu matamu yaliyogandia chini ya chungu, bibi alikuwa ameyavutia kwake, na binti wa shangazi aliyaona. Mkono wake ukavuka mfereji, ukayanyakua, ukarudi. Ukavuka tena. Wali ukaporomokea kwenye mfereji ukaufukia.

Shangazi alimtazama binti yake. Kisha akanitazama mimi, usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kitenge.

"Haya, kuleni," alisema. "Tukifa, angalau tumekufa tumeshiba."

"Na wewe sogea huku," bibi akamwambia. "Huko uliko hakuna kitu tena."

Wakaendelea kula na kuzozana. Mimi nilimega tonge la kwanza, la pili, la tatu, la nne, na mlango ukafungwa kama kawaida yake. Moto ulianza kutekenya pale chini ya kifua. Nilijua nikila zaidi nitautapika, na mpunga mpya hautapikwi. Lakini sikuutoa mkono. Nilimega tonge la tano, dogo, nikaanza kulifinyanga polepole kwa vidole, karibu na vidole vya wengine, vikinigonga, vikinisukuma, vikipita juu yangu kwenda mahali penye wali. Sinia lilikuwa linaanza kuonyesha maua yake ya chini na mimi bado nafinyanga.

"Mke mwenzangu," bibi akasema, "mbona hilo tonge halifiki mdomoni?"

"Linapoa, bibi," nikamwambia.